Kumbo, kizimba na mabao: kazi ya winga wa nguvu katika hoki ya barafuni

Kila baada ya miezi michache video za aina ileile hurudi kuzunguka katika simu za watu. Wanaume wawili wenye vifua kama milango ya ghala wanatupa glavu chini, wanakamatana fulana na kuanza kutwangana ngumi juu ya barafu, huku waamuzi wenye fulana za milia wakiwa wamesimama hatua mbili tu kutoka hapo, kana kwamba wanasubiri basi. Maswali ya watazamaji huwa hayabadiliki. Huu ni mchezo au ndondi? Kwa nini hawapewi kadi nyekundu? Na huyu bwana anayepigana, ambaye ametajwa kuwa ni winga, analipwa mamilioni ya dola kwa kazi gani hasa, ilhali winga tunayemjua sisi ni yule kijana mwembamba anayepiga chenga pembeni na kumwaga krosi?

Maswali hayo ni ya haki, ila majibu yanayotolewa kijiweni mara nyingi huzidisha giza. Wapo wanaosema kwamba mchezo huo hauna sheria, na wapo wanaosema kwamba ngumi zile ni maigizo kama mieleka ya televisheni. Yote mawili si kweli. Kwa maoni yangu, jambo hili hufahamika vizuri zaidi mtu akimfuata mchezaji mmoja na kuitazama kazi yake kwa miaka kadhaa kuliko akitazama video ya sekunde 30. Nimemchagua Tom Wilson, winga wa kulia wa klabu ya Washington Capitals, aliyezaliwa Toronto nchini Kanada mwaka 1994, mwenye urefu wa sentimita 193 hivi na uzito unaokaribia kilo 100. Wilson si malaika, kwani amefungiwa mara kadhaa na kuna miji ambayo jina lake halitajwi bila kusonywa. Nimemchagua kwa sababu ndani ya mtu huyu mmoja kuna karibu kila kitu kinachowachanganya watazamaji: nguvu iliyo halali, nguvu iliyovuka mpaka, ngumi, adhabu, fedha na mabao.

Hoki ipi tunayoizungumzia

Kwa mtu aliyekulia Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, neno hoki humkumbusha mpira wa magongo unaochezwa kwenye nyasi, mchezo ambao Kenya iliwahi kushika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971. Hoki ya barafuni ni binamu yake tu. Kwetu sura yake ya pekee inayofahamika ni timu ya Kenya Ice Lions, ambayo ilijifunzia mchezo huo ndani ya hoteli ya Panari jijini Nairobi, kwenye kiwanja kidogo kuliko vile vya kawaida. Makao makuu ya mchezo huu ni Kanada, Marekani na nchi za kaskazini mwa Ulaya, na ligi inayolipa zaidi kuliko zote ni ile ya Marekani na Kanada inayojulikana kwa herufi NHL, yenye timu 32, ambamo kwa kawaida kila timu imekuwa ikicheza mechi 82 kabla ya hatua ya mtoano inayowania Kombe la Stanley.

Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, na kila timu huwa na watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili, mchezaji wa kati na mawinga wawili. Badala ya mpira wanagombea puki, yaani kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 160 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini ya soli na huenda kwa kasi ambayo mtu anayekimbia kwa miguu hawezi kuifikia. Kasi hiyo huchosha upesi mno, kwa hiyo mchezaji hukaa barafuni kwa sekunde 45 hivi, kisha huruka ukingo na kurudi benchi huku mwenzake akiingia, mchezo ukiendelea bila kumsubiri mwamuzi atoe ruhusa. Mshambuliaji wa kati na mawinga wake wawili huingia na kutoka pamoja, na kundi hilo la watu watatu ndilo tutakaloliita safu. Kila timu ina safu nne: ya kwanza ina wafungaji na hucheza muda mrefu zaidi, na ya nne huingia kwa dakika chache ili kuwapumzisha wengine na kuwasumbua wapinzani. Msomaji alishike hili la safu, maana kupanda kutoka safu ya nne hadi ya kwanza ndiko kulikofanya maisha ya kikazi ya Wilson yawe na jambo la kuelezwa.

Ukuta ndio pembeni

Tofauti kubwa na soka ni kwamba uwanja huu hauna mpira wa kurusha. Umezungushiwa ukuta wa kimo cha kifua, na juu ya ukuta huo kuna kioo kigumu kinachowakinga watazamaji. Puki ikipigwa ukutani hurudi, na mchezo unaendelea, kama watoto wanaocheza mpira katika uchochoro ambao nyumba za pande zote mbili ni sehemu ya uwanja. Kwa hiyo pembeni, mahali ambapo winga wa soka hupata nafasi ya kupumua na kupiga krosi, winga wa hoki hukuta ukuta, beki na puki iliyonasa katikati ya miguu ya watu wanne. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika hapo, katika msongamano unaofanana na mlango wa daladala saa 12 jioni, ambapo anayepita si lazima awe mwenye nguvu kuliko wote. Anapita yule anayejua kuweka bega na nyonga mahali pake kabla ya wengine.

Hapo ndipo neno kumbo linapoingia. Katika hoki, kumpiga mtu kumbo maana yake ni kumsukuma au kumgonga kwa bega, kifua au nyonga ili atengane na puki. Si faulo. Ni ufundi halali unaofundishwa, kama vile kutia mguu mpira kunavyofundishwa katika soka, ila una masharti. Anayepigwa awe ndiye mwenye puki au awe ameiachia punde tu. Kumbo lielekee kiwiliwili, si kichwa. Ni marufuku kumsukuma kwa nyuma mtu aliyeuelekea ukuta, kurukia juu ili kumfikia usoni, au kumjia kwa mwendo wa mbali kama gari lililokatika breki. Masharti kuhusu kichwa yalikazwa sana mwaka 2010 na kuongezwa makali mwaka uliofuata, baada ya madaktari na familia za wachezaji kuonyesha madhara ya mtikisiko wa ubongo. Kwa sababu hiyo video za miaka ya 1990 si kipimo kizuri cha kinachoruhusiwa leo. Baadhi ya makumbo yaliyoshangiliwa wakati ule sasa yangemfungia mtu kwa wiki kadhaa.

Faida ya kumbo, hata hivyo, haiko zaidi katika mgongano wenyewe, na hili ndilo jambo ambalo video fupi haziwezi kulionyesha. Mara nyingi timu inayoshambulia huitupa puki nyuma ya mabeki wa upande wa pili na kuikimbilia, kama timu ya soka inayopiga mpira mrefu na kuanza kukaba juu. Beki anageuka, anaifuata puki kwenye kona huku mgongo wake ukiwa wazi, na anasikia makali ya viatu yakikwaruza barafu nyuma yake. Akijua kwamba anayekuja ni mtu wa kilo 100 aliyemkandamiza ukutani dakika kumi zilizopita, ataitoa puki nusu sekunde mapema kuliko alivyotaka, na pasi inayotolewa kwa haraka huishia miguuni mwa mpinzani. Katika takwimu za mechi hapo hakuna kumbo, hakuna faulo, hakuna chochote kilichoandikwa. Lakini winga wa nguvu amefanya kazi yake, na mwenzake ndiye atakayefunga bao.

Kazi yake ya pili iko mbele ya lango. Kipa wa hoki huzuia puki zinazomjia kwa kasi inayopita kilomita 140 kwa saa, na hawezi kuzuia asichokiona. Kwa hiyo winga mwenye mwili huenda kusimama hatua moja mbele ya kipa, sawa na mtoto anayesimama mbele ya televisheni wakati watu wazima wanaangalia taarifa ya habari, na hukataa kuondoka. Mabeki humsukuma, humpiga magongo ya mgongoni, humkanyaga. Yeye hubaki, akinyoosha gongo lake ili kuichepusha puki inayopita au kudokoa ile inayotemwa na kipa. Mabao ya namna hiyo hayana urembo. Hata hivyo huhesabiwa sawa na mengine.

Baunsa na winga wa nguvu

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote unatokana na kuwachanganya watu wawili ambao kwa macho wanafanana. Wa kwanza nitamwita baunsa. Kwa miongo mingi timu zilikuwa na mchezaji ambaye kazi yake ilikuwa kupigana, au kutisha kwamba atapigana, ili wapinzani wasimguse mfungaji nyota. Mara nyingi alipangwa kama winga, kwa sababu winga ana majukumu machache ya ulinzi kuliko beki au mchezaji wa kati, na alicheza katika safu ya nne kwa dakika chache sana. Derek Boogaard, aliyechezea Minnesota Wild na baadaye New York Rangers, ni mfano uliokamilika: katika mechi 277 za NHL alifunga mabao 3 na kukusanya dakika 589 za adhabu. Alifariki Mei 2011 akiwa na umri wa miaka 28, baada ya kuchanganya dawa za maumivu na pombe, na uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha ugonjwa unaohusishwa na kupigwapigwa kichwani. Bob Probert, baunsa maarufu wa Detroit na Chicago aliyefariki mwaka 2010 akiwa na miaka 45, alikutwa na ugonjwa huohuo. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu wanaodai kwamba ngumi za hoki ni maigizo wanazidharau gharama ambazo watu halisi wamezilipa.

Wa pili ni winga wa nguvu. Huyu hupiga makumbo na huenda akapigana mara moja moja, lakini ameajiriwa kucheza. Ukoo wake ni wa zamani: Gordie Howe, winga wa kulia wa Detroit aliyeanza NHL mwaka 1946 na kustaafu mwaka 1980, alikuwa mfungaji hodari na pia mtu ambaye wapinzani waliogopa viwiko vyake, hata mechi ambayo mchezaji amefunga bao, ametoa pasi ya bao na amepigana ikapewa jina lake. Ajabu ni kwamba Howe mwenyewe aliitimiza hesabu hiyo mara mbili tu. Katika miaka 15 iliyopita baunsa ametoweka karibu kabisa, kwa kuwa kasi ya mchezo imeongezeka na timu haziwezi tena kumpa nafasi mtu asiyejua kuteleza vizuri, ilhali winga wa nguvu amebaki na bei yake imepanda.

Sasa turudi kwa wale waamuzi wanaotazama. Kupigana si ruhusa. Ni kosa lenye adhabu ya dakika tano katika kizimba, yaani kile chumba kidogo cha vioo kando ya uwanja ambamo mkosaji hukaa akihesabiwa muda. Kinachoshangaza wageni ni kwamba wapiganaji wawili wakienda kizimbani pamoja, kila timu huingiza mchezaji mwingine, kwa hiyo hakuna upande unaopungukiwa na mtu. Ni kama mwalimu anapowatoa nje ya darasa watoto wawili waliogombana, na somo likaendelea kwa wote waliobaki. Hali hubadilika mmoja anapohukumiwa kuwa ndiye mchokozi: huyo huongezewa dakika mbili ambazo timu yake itacheza pungufu, pamoja na dakika kumi za kukaa nje. Mtu wa tatu anayeingilia ugomvi wa wawili hutolewa mchezoni moja kwa moja. Waamuzi wa pembeni husubiri kwa sababu ya usalama wao wenyewe, maana kujitia kati ya ngumi zinazorushwa na watu wenye visu miguuni si busara. Mmoja akianguka au wote wakichoka, ndipo huingia na kuwatenganisha. Na utaratibu huu ni wa hoki ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Katika mashindano ya kimataifa, Olimpiki ikiwemo, anayepigana hutolewa nje.

Kutoka safu ya nne

Wilson alichukuliwa na Washington mwaka 2012, akiwa wa 16 katika mgao wa kila mwaka ambamo klabu hupokezana kuchagua vijana. Wakati huo alikuwa akiichezea Plymouth Whalers, timu ya vijana katika jimbo la Michigan, na alitegemewa zaidi kwa mwili wake kuliko kwa mabao. Aliingia NHL Mei 2013, katikati ya mfululizo wa mtoano dhidi ya New York Rangers, akiwa na miaka 19. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82 na kufunga mabao 3 tu, na kwa wastani alikaa barafuni kwa muda usiofika dakika 8 kwa mechi. Dakika zake za adhabu zilikuwa 151. Mtu aliyezisoma tarakimu hizo wakati ule angekuwa na haki ya kusema kwamba baunsa mwingine amezaliwa.

Hali ilibaki hivyo kwa muda mrefu kuliko mashabiki wengi wanavyokumbuka. Katika misimu yake minne ya kwanza, yenye mechi 313, Wilson alifunga jumla ya mabao 21. Lakini ndani ya miaka hiyo alikuwa akijifunza kazi ambayo haiandikwi katika takwimu za mabao: kulinda wakati timu imepungukiwa na mtu, kusoma pasi ya beki kabla haijatoka, kufika kwenye kona akiwa na mwendo lakini bila kupoteza mizani. Dalili ilionekana Aprili 2017 katika mtoano dhidi ya Toronto Maple Leafs, timu ya mji aliozaliwa. Alifunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza wa mechi ya kwanza, na katika mechi ya nne, iliyochezwa Toronto kwenyewe, aliiondoa puki iliyokuwa ikielekea kuvuka mstari wa lango lake, na sekunde chache baadaye akafunga upande wa pili.

Msimu wa 2017/18 kocha alimpandisha hadi safu ya kwanza, pembeni ya Alexander Ovechkin, nahodha na mfungaji mkuu wa timu, na Evgeny Kuznetsov. Sababu yake haikuwa kumtafutia Ovechkin mlinzi. Ovechkin mwenyewe ni mzito na hupiga makumbo kwa furaha. Wafungaji wawili wanaopenda kupokea puki walihitaji mtu wa tatu anayekubali kwenda kuichukua ilikonasa. Wilson alimaliza msimu huo na mabao 14, kisha akapata pointi 15 katika mechi 21 za mtoano (pointi hapa ni bao au pasi ya bao), na Washington ikaishinda Vegas Golden Knights kwa mechi 4 kwa 1, ikatwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza tangu ianze kucheza ligi hiyo mwaka 1974. Julai 2018 alisaini mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 31. Msimu uliofuata, katika mechi 63 tu, alifunga mabao 22, yaani moja zaidi ya yale yote ya misimu yake minne ya mwanzo.

Mpaka alioupita mara nyingi

Mtu akisoma aya iliyotangulia anaweza kuuliza mbona mechi 63 badala ya 82. Jibu la sehemu ya pengo hilo ni adhabu, na adhabu za hoki zina ngazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni mwamuzi, ambaye humpeleka mkosaji kizimbani au kumtoa mchezoni papo hapo. Ngazi ya pili ni Idara ya Usalama wa Wachezaji ya NHL, iliyoundwa mwaka 2011, ambayo hupitia video baada ya mechi na inaweza kumfungia mtu hata kama mwamuzi hakupuliza filimbi kabisa. Idara hiyo hutoa video ya maelezo kwa kila kifungo, kitu ambacho ningependa kukiona katika ligi nyingi za soka. Tangu mwaka 2017 inaongozwa na George Parros, ambaye enzi zake alikuwa baunsa. Wengine huona hilo ni sawa na kumpa fisi ufunguo wa bucha, na wengine husema hakuna anayezijua hila za kazi kuliko aliyeifanya.

Kati ya maandalizi ya msimu wa 2017 na yale ya 2018, Wilson alifungiwa mara nne. Mara ya tatu ilikuwa katika mtoano wenyewe, mechi 3, kwa kumbo lililomvunja taya Zach Aston-Reese wa Pittsburgh. Ya nne ilikuwa nzito kuliko zote: katika mechi ya mwisho ya maandalizi ya msimu wa 2018/19 alimgonga kichwani Oskar Sundqvist wa St. Louis, na idara ikamfungia mechi 20. Ilieleza kwamba hicho kilikuwa kifungo chake cha nne ndani ya mechi 105 alizocheza, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo. Kwa kuwa alikuwa mkosaji wa kurudia, mshahara wake ulikatwa kwa kugawa mshahara wa mwaka kwa mechi 82, badala ya kuugawa kwa siku zote za msimu kama anavyofanyiwa mkosaji wa mara ya kwanza. Makato yalifika dola 1,260,162 na senti kadhaa. Alikata rufaa, kamishna wa ligi akaidhinisha kifungo, lakini msuluhishi huru akakipunguza hadi mechi 14 mwezi Novemba, wakati ambapo Wilson alikuwa ameshakosa 16. Fedha za mechi sita alirudishiwa. Mechi mbili za ziada hazikurudi.

Tukio lililozunguka zaidi katika simu ni la Mei 2021. Mwezi Machi alikuwa amefungiwa mechi 7 kwa kumgonga Brandon Carlo wa Boston ukutani, katika tukio ambalo waamuzi hawakutoa adhabu yoyote uwanjani. Mei 3, jijini New York, alimpiga Pavel Buchnevich aliyekuwa amelala kifudifudi, na katika vurugu iliyofuata akamwangusha barafuni Artemi Panarin, nyota wa Rangers, ambaye hakucheza tena msimu ule. Ligi ilimtoza faini ya dola 5,000. Rangers walitoa taarifa kali ya kumshutumu kiongozi wa idara ya nidhamu, na kwa taarifa hiyo wakatozwa dola 250,000, yaani mara hamsini ya faini ya mtu waliyekuwa wakimlalamikia. Siku mbili baadaye timu hizo zilikutana tena, na mara puki ilipoangushwa kuanzisha mechi, mapigano matatu yalizuka ndani ya sekunde moja. Kabla ya dakika tano kwisha yalikuwa yamefika sita. Video inayozunguka bila maelezo mara nyingi ni ya mechi hiyo ya pili, na ndiyo maana inaonekana kama wendawazimu usio na chanzo.

Je, alistahili zaidi ya dola 5,000? Nadhani ndiyo. Kumpiga mtu aliyelala hakuna uhusiano wowote na ile kazi ya ukutani niliyoieleza, na kumtetea Wilson kwa kusema kwamba hoki ni mchezo wa nguvu ni kuutukana mchezo wenyewe. Lakini ni kosa pia kulichukua tukio hilo na kuamua kwamba ndilo lililompa ajira. Walioajiri walikuwa wakihesabu kitu kingine.

Goti, mkataba wa pili, na pasi moja

Mwili unaogonga nao hugongwa. Mei 2022, katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Florida Panthers, Wilson alifunga bao la kwanza la timu yake na muda mfupi baadaye akaumia goti. Kano kubwa ya ndani ilikuwa imekatika, akafanyiwa upasuaji, na hakurudi hadi Januari 2023. Kwa winga wa aina yake jeraha hilo lina hatari ya pekee, kwa sababu kumbo zuri huanzia kwenye goti lililokunjwa na mguu unaosukuma barafu. Bega ni mahali pa kumalizia tu. Wapo mawinga wengi wakubwa ambao kasi yao ilipopungua kidogo, makumbo yao yalianza kuchelewa, na kumbo linalochelewa ni faulo. Ndiyo sababu timu huogopa kuwapa mikataba mirefu wakishafika miaka 30.

Washington hawakuogopa. Agosti 2023, akiwa na miaka 29, walimwongezea mkataba wa miaka saba wa dola milioni 45.5, unaoanza msimu wa 2024/25. Machi 2024, kabla mkataba huo haujaanza, alifungiwa tena mechi 6, safari hii kwa gongo lililompata usoni Noah Gregor wa Toronto, na waliokuwa na mashaka wakapata la kusema. Kisha ukaja msimu wa 2024/25: mechi 81, mabao 33, pasi za mabao 32, msimu bora kuliko yote aliyokuwa amecheza hadi wakati huo.

Aprili 6, 2025, katika uwanja wa New York Islanders, Ovechkin alikuwa na mabao 894 tangu aanze kucheza NHL, sawa na rekodi ya nyota wa zamani Wayne Gretzky ambayo wengi waliamini haitafikiwa. Washington walikuwa na mchezaji mmoja zaidi kwa sababu mpinzani alikuwa kizimbani. Wilson aliipata puki upande wa kulia, akainua kichwa, na akaipeleka kwa pasi ya chini iliyokata upana wa barafu hadi kwa Ovechkin upande wa kushoto, mahali ambapo kila kipa wa ligi hiyo anajua kwamba atakuwepo. Ovechkin aliipiga, kipa Ilya Sorokin hakuifikia, na mechi ikasimamishwa ili Gretzky ashuke uwanjani kumpa mkono. Islanders walishinda mechi hiyo 4 kwa 1. Katika karatasi ya kumbukumbu, mbele ya bao la 895, jina la kwanza baada ya lile la mfungaji ni Tom Wilson.